Matundu Chini ya Sakafu ya Mama

Mama alikuwa anakuja Mbeya mwezi wa Julai, na mimi nilikuwa naogopa jiko lake.

Kwake, milimani upande wa Iringa, moto unakaa ndani ya nyumba, na moshi unajitafutia njia kwenye nyasi za paa. Lakini daktari alitaka awe karibu na hospitali kwa sababu ya kifua, na nafasi niliyokuwa nayo ni gereji. Nyumba niliyopewa kwa ajili ya ualimu ilikuwa na vyumba viwili tu, vyote tumejaa mimi, mke wangu na watoto. Gari sikuwa nalo. Nilikuwa na baiskeli. Gereji ilikuwa ya matofali na bati, sakafu ya saruji, baridi kama jiwe la mtoni. Nilijua mama akitetemeka ataingiza jiko la mkaa, atafunga mlango na kulala. Mwaka uliopita mume na mke wa mtaa wetu walifanya hivyo, hawakuamka. Majirani walisema wamerogwa. Mimi niliyesoma kemia Kampala nilijua kilichowaua ni hewa ya sumu ya mkaa, isiyo na harufu, na kujua huko kulinizidishia hofu.

Kwa hiyo sakafu ilipaswa kuwa na joto la kutosha mama asilihitaji jiko. Mengine yote niliyaona madogo.

Fundi niliyemwita kuweka sakafu ya mbao juu ya saruji alikuwa mzee Mwislamu mwenye asili ya pwani, mzaliwa wa Iringa.

"Fundi, sakafu hii imelala upande," nilimwambia, nikimwonyesha pima maji.

"Imelazwa, mwalimu. Gari likioshwa, maji yaende wapi?"

Akapanga boriti juu ya matofali, huku mawili, kule matatu, mpaka zikawa sawa. Kati ya boriti akatandika mbao nyembamba, akajaza maranda makavu yaliyochanganywa na chokaa ili mchwa wasijialike. Juu akapigilia mbao za sakafu. Kisha akatoboa ukuta chini kabisa, matundu manne.

"Tunazuia baridi, halafu unaifungulia njia?"

"Hiyo ni pumzi, mwalimu. Saruji imekaa juu ya udongo. Inatoa jasho."

"Umepima?"

"Nimefumua sakafu tatu za watu wenye akili kama zako."

Alicheka peke yake. Alipokwenda Mbalizi kutengeneza milango, nilipiga magoti nikaweka mkono kwenye tundu. Upepo ulikata kama wembe. Nikaziba yote manne kwa vipande vya gunia, nikaona nimetumia akili.

Mama alifika, akavua viatu, akatembea juu ya mbao, zikavuma.

"Kamwene," nilimsalimia kwa Kihehe.

"Kamwene, baba. Umeniwekea ngoma chini?"

Wiki ya kwanza alilala bila jiko. Kila asubuhi, kabla ya kunawa uso, nilisimama nje ya mlango wake kusikiliza kikohozi. Kikohozi kilichotuleta kwa daktari kilikuwa sasa habari njema: yuko hai.

Wiki ya pili chumba kilianza kunuka gunia bichi. Mbao zikavimba. Sikumwuliza mama, jibu nililihofia.

Mchana mmoja nilirudi kutoka shule nikakuta mlango umefungwa. Nikabisha. Kimya. Nikasukuma, mlango ukakwama kwenye mbao zilizovimba. Nikaupiga bega mara tatu ndipo ukaachia. Jiko lilikuwa katikati ya chumba juu ya sinia, mkaa mwekundu, na mama amelala kando yake.

"Mama!"

"Mbona unavunja mlango, baba?" Sauti ilitoka polepole. "Kichwa kinaniuma."

Nilimtoa nje, nikarudi kulibeba jiko kwa mikono mitupu. Alikaa kwenye majani akipumua, akitazama vidole vyangu vilivyoungua.

"Sikusikia baridi," alisema. "Nilikuwa nakaushia sakafu yako. Ina maji. Nikaona utaaibika mbele ya fundi."

Fundi aliporudi aling'oa mbao moja. Maranda yalikuwa meusi, yameshikana kama ugali uliolala. Akaingiza mkono mpaka ukutani, akavuta kipande cha gunia, taratibu.

"Na hili limeota?"

Ningeweza kusema panya. Mama alikuwa ananitazama.

"Ni mimi."

"Ulipima?"

Nilianza kung'oa mbao ya pili. Tuliyaanika maranda juani siku tatu, mama akiyageuza kwa mikono kama anayeanika ulezi. Sakafu ikarudishwa, na matundu yakapigiliwa waya wa kuzuia panya, yakaachwa wazi. Jiko lilibaki jikoni kwa mke wangu. Mama hakuliomba tena.

Hata hivyo sikuiamini sakafu, wala fundi, wala nafsi yangu. Kila asubuhi, mpaka Julai ikaisha, nilizunguka gereji nikiweka kidole kwenye tundu moja moja mpaka nisikie upepo. Kisha nilisimama mlangoni, nikasubiri akohoe.