Miche ya Nyanya ya Bi Shemsa

Mtu akikwanyua jani la mnyanya karibu yangu, mimi huinuka nikaenda zangu. Harufu ile kali inayong'ang'ania vidoleni hata ukinawa, wajukuu wangu wanaiona ya kawaida tu, nami nimechoka kuwaeleza. Kwangu ni harufu ya ghala moja lenye giza hapa Kasongo, miaka michache kabla ya vita vya Wazungu na Waarabu kufika, nilipokuwa mtoto wa kutumwa maji na kupigwa kwa sababu ya maji hayo hayo. Nyumba ilikuwa ya Bi Shemsa, mjane wa mfanyabiashara kutoka pwani. Mama na mimi tulikuwa mali yake. Ninasema mali, msinikodolee macho, ndivyo tulivyoitwa. Mama alitekwa upande wa Kabambare akiwa msichana, akaletwa hapa, na nyumba ile ikampa jina la Faida. Baba yangu alikuwa mpagazi wa nyumba hiyo hiyo, akafa njiani na pembe ya ndovu begani nikiwa bado nanyonya. Basi tulibaki wawili, tukilala jikoni juu ya mkeka mmoja.

Mwaka huo Bi Shemsa aliugua. Haukuwa ugonjwa wa haraka. Ulimla polepole, leo homa, kesho tumbo, mpaka bangili zikawa zinateleza mkononi. Wali ulirudi jikoni kama ulivyokwenda. Kuku alirudi. Kitu alichokitamani ni mchuzi wa nyanya, ule aliolelewa nao kwao Pangani, na nyanya ndizo zilizokosekana. Mvua ilikuwa imenyesha bila huruma na kuozesha zote mashambani. Mchuuzi mmoja alileta chache kutoka Nyangwe, zikafika zimepasuka na kunuka, hazifai kwa lolote ila mbegu. Bi Shemsa akamwita Mama chumbani, nami nikafuata nimemshika nguo. Akasema kwa sauti ndogo, "Faida, zioteshe hizi. Nikila nyanya za mkono wako kabla sijafa, wallahi nitakuacha huru." Mwanawe, Bwana Nasoro, alikuwa mlangoni, akasikia. Mama alijibu, "Ndiyo, bibi," akanivuta mpaka jikoni, akanishika mashavu kwa mikono yake iliyokauka kwa majivu, akaniambia, "Tutarudi kwetu, mimi na weye." Sikuwa nimepata kumwona Mama akicheka hivyo.

Lakini Mama alikuwa hajapata kuotesha mnyanya maishani mwake. Alijua muhogo, karanga na maharagwe, vitu ambavyo unavifukia kisha unakwenda zako. Shambani hapakuwezekana, mvua ingezifagia mbegu na kuku wangemaliza zilizobaki, kwa hiyo alipewa kona ya ghala, kati ya magunia ya mpunga. Alikusanya vyungu vilivyovunjika midomo, akavijaza udongo wa kichuguu na samadi ya mbuzi, akachomeka kila mbegu kwa kidole kizima, kama karanga. Tukangoja. Hakikuota kitu. Alifukua kwa kijiti, akazikuta zimegeuka uji. Akakaa kitako pale chini, akasema tu, "Aka!" Kisha akanituma nikachote udongo mwingine.

Mara ya pili alinyunyiza mbegu juu juu, akazifunika kwa vumbi la udongo tu, nazo zikaota. Furaha gani! Kila nilipoingia ghalani nilichungulia vijani vile viwili viwili, nikaona kama Kabambare iko nyuma ya ukuta. Tulivipenda mno, na mapenzi yetu ndiyo yaliyoviua. Mama alimwagilia asubuhi, akamwagilia jioni, na kati yake mimi nilitia kidogo kwa kifuu. Ghala lile lilikuwa na tundu moja tu la mwanga, juu karibu na paa. Miche ikarefuka, myembamba, imepauka, yote imeinamia upande ule. Halafu ikaanza kulala. Unaukuta mche mzima jana, leo shingo yake imesinyaa pale inapotokea udongoni, imekuwa kama uzi uliolowa. Ukalala mmoja, ikalala mitano, ikaisha. Chumbani Bi Shemsa alikuwa akikohoa, na kila alipokohoa Mama aliacha alichokuwa akifanya, akasikiliza mpaka bibi akohoe tena.

Mbegu zilizobaki zingeenea kwenye kiganja cha mtoto. Mama hakuzigusa kwa siku kadhaa. Alizunguka akivitazama vile vyungu, akatia mkono ndani, akanusa udongo, na mwisho akagundua kuwa chini maji hayakuwa na pa kutokea. Akatoboa matundu kwa ncha ya kisu. Samadi aliichagua iliyokaa muda mrefu, isiyochoma tena, akazipanda zile mbegu, na juu yake akanyunyiza majivu makavu. Akamwomba mwashi wa nyumba ampanulie lile tundu la ukutani, naye akakubali kwa sababu Bi Shemsa mwenyewe alituma neno. Vyungu vikapandishwa juu ya magunia, karibu na mwanga, na kazi yangu ikawa kuvigeuza kila asubuhi ili miche isiegemee upande mmoja. Maji tulitia udongo unapokauka juu, basi, na kifuu changu nikanyang'anywa. Jioni Mama alipitisha kiganja juu ya vichwa vya miche, taratibu, akivitikisa, ili mashina yazoee kusukumwa kabla ya kuonja upepo. Sijui nani alimfundisha. Nadhani alifundishwa na hofu.

Ikakomaa, mifupi, minene ya shina, na majani ya kijani cha kweli. Akaihamisha, kila mmoja katika kikopo cha gome la mgomba, ameuzamisha mpaka karibu na majani, akawa anaitoa nje kivulini kwa muda, kisha anairudisha, kesho muda mrefu zaidi kidogo. Majirani walimcheka. "Faida, unatembeza watoto?" Naye aliwajibu, "Ninatembeza, ndiyo. Nyinyi chekeni." Mvua ilipopungua akaipanda uani, karibu na ukuta, akaifunga kwenye vijiti. Ikachanua. Zikatoka nyanya ndogo za kijani, ngumu, na Bi Shemsa alikuwa sasa hawezi kuketi bila kushikwa. Mama alizitazama nyanya zile mpaka nikaona aibu kwa niaba yake. Alikuwa hali vizuri, halali vizuri. Akisikia watu wananong'ona chumbani kwa bibi, anakwenda mlangoni na kusimama.

Ziliiva, na Bi Shemsa alikuwa hai. Mama aliupika ule mchuzi, akampelekea, akamlisha mwenyewe. Bibi alimeza kidogo, akafumba macho, machozi yakamtoka pembeni. Akasema, "Niitieni mwalimu." Mwalimu wa Kurani aliyekuwa akisomesha watoto wa mtaa alikuja, Bwana Nasoro akaja na watu wengine wawili wa kushuhudia, na Bi Shemsa akasema mbele yao, sauti haifiki mlangoni, kwamba amemwacha Faida huru kwa ajili ya Mungu. Wakaitikia. Wanawake jikoni wakapiga vigelegele. Mama akarudi, akatandika kitambaa chini, akaanza kufunga vitu vyetu: chungu kimoja, nguo zake, nguo yangu.

Bwana Nasoro akamkuta hapo. Akamuuliza, "Na huyo unamfungia nini?" Mama akasema ni mtoto wake. Yule bwana hakuwa mkali, ndilo linaloniudhi mpaka leo. Alisema kama mtu anayemsahihisha msomaji. "Mtoto ni wa mama yangu. Wewe ndiye uliyeachwa." Mama akasema bibi aliahidi atatuacha. "Alisema atakuacha. Wewe. Kiswahili husikii?" Naam, Kiswahili cha Mama kilikuwa cha jikoni, cha leta maji na twanga mpunga. Alisikia neno lile siku ile, akatuhesabu wawili, kwa sababu hakuwa na hesabu nyingine. Akamkimbilia mwalimu aliyekuwa bado anavaa viatu. "Na mutoto je? Mutoto iko wapi mu ile maneno?" Mwalimu alimhurumia, nilimwona. Akamwambia, "Angekuwa bado tumboni, angetoka pamoja nawe. Huyu amekwisha kuzaliwa, na bibi hakumtaja." Mama akarudi chumbani kumwomba Bi Shemsa aseme neno moja zaidi, lakini bibi alikuwa amelala, na alipoamka ulimi ulikuwa mzito, haueleweki. Akafa hivyo hivyo, nami nikarithiwa na Bwana Nasoro pamoja na vyombo vya shaba.

Wachuuzi wa chumvi walipita kwenda Kabambare, wakamwita Mama afuatane nao. Kila mtu alimwambia nenda, mwanamke huru hana la kumzuia. Akafungua kile kitambaa, akarudisha chungu mahali pake. Nilifurahi, Mungu anajua, nililia kwa furaha. Tangu hapo nyumba haikumpa chakula, kwa kuwa hakuwa tena wa nyumba, na alitwanga mpunga wa majirani ili ale. Usiku alilala na mimi kwenye mkeka wetu kwa hisani ya Bwana Nasoro. Minyanya ilizaa kiangazi kizima. Mimi ndiye niliyetumwa kuichuma. Mama hakuigusa tena wala hakuionja. Ndui ilimchukua mwaka uliofuata, akiwa yeye peke yake mtu huru katika jiko lile. Kisha vita vikaja, Bwana Nasoro akakimbia kuvuka mto, na askari akatangaza sokoni kwamba sote tuko huru. Nilikuwa nimebeba kuni. Nikaendelea kubeba kuni, sikujua pa kuzipeleka.

Siku hizi watu wanakwenda Kabambare na kurudi kama wanaokwenda kisimani, na wanachonilalamikia ni matope. Mwezi uliopita mjukuu wangu aliyeolewa huko aligombana na mumewe. Akamfunga mtoto mgongoni, akaondoka asubuhi, akatembea mpaka hapa kwangu. Nilimuuliza kama amezuiliwa popote. Akashangaa. Njia nzima, akasema, hakuna aliyemuuliza mtoto ni wa nani. Nikaanza kulia, nikashindwa kunyamaza, naye akanishika bega na kunibembeleza, akidhani ninailia ndoa yake.