Macho ya Bi Mapengo

Kwa miaka kumi na mmoja, kila Jumamosi, mchora katuni ambaye wenzake gazetini walimwita Bubu alikuwa akiwachora Bwana Kitambi na mkewe, Bi Mapengo. Kitambi alikuwa mfupi, pua kama kiazi. Bi Mapengo alikuwa na shingo fupi na nyayo pana. Meno yake mawili ya mbele Bubu alimwondolea mwaka wa nne, bila kumweleza mtu sababu. Walipendana hao, acha tu.

Ndipo akaja mhariri mpya, mama wa haraka haraka, miwani kichwani.

"Mzee wangu, huyu mama hauzi. Nataka kisura. Kiuno cha nyigu, kope ndefu, meno kamili. La sivyo kisanduku chako nakipa chemshabongo."

"Na Kitambi?"

"Abaki alivyo. Mwanamume akichekesha inatosha."

Bubu alirudi nyumbani amefura. Akaketi kwenye meza yake dirishani, jirani na cherehani ya mkewe, akajaribu. Alikuwa na mtindo wake: macho huyaacha mwisho kabisa, na mboni za wapendanao huzitia kwa kuchovya kalamu mara moja tu, za mume kisha za mke, zikutane kabla wino haujakauka.

Kisura akatokea, kiuno chembamba hata ndoo aliyoshikishwa ilitishia kumkata vipande viwili. Macho kama visahani. Bubu akachovya. Kitambi akamtazama kisura kwa mahaba. Kisura akamtazama msomaji. Karatasi ikachanwa. Akazisogeza mboni pembeni, kisura akawa na makengeza. Akazishusha, maana Kitambi alimfika kiwikoni, akawa kama anatafuta hereni iliyoanguka. Karatasi ya nane. Ya tisa.

Mkewe akasimamisha cherehani, akachungulia.

"Baba watoto, huyu dada anamngoja nani?"

"Mumewe."

"Si huyo hapo chini? Mbona hata hajamwona?" Akacheka, kiganja mdomoni, kama alivyozoea tangu meno yake ya mbele yang'oke. "Au umeniletea mke mwenza wa karatasi?"

Masikio ya Bubu yakawaka. Akachukua karatasi safi.

Kesho yake mhariri aliishika kazi ile kwa mikono miwili. Kisura alikuwa kwenye bango la sabuni, na mtaa mzima umemkodolea macho. Kitambi na Bi Mapengo walipita chini yake wamebeba ndoo pamoja, wanatazamana, maji yanawamwagikia miguuni wala hawana habari.

"Nilikuagiza nini, mzee?"

"Kisura yumo."

"Yumo kwenye tangazo!"

"Anatazama watu wote, ndiyo kazi yake. Kitambi anataka wa kumtazama yeye." Hakuwahi kusema maneno mengi hivyo katika jengo lile. Hakuinamisha kichwa. "Kama haifai, weka chemshabongo."

Mhariri akashusha miwani. Akayatazama yale macho mawili mawili, muda mrefu kuliko alivyokusudia.

"Hata jino moja humrudishii?"

"Hata moja."

Mhariri akatia saini pembeni ya karatasi, akaguna.

Jumamosi mkewe alilifungua gazeti juu ya cherehani. Akacheka, kiganja kikapanda mdomoni. Akamtazama mumewe, ambaye alijifanya ananoa penseli.

Kisha akakishusha kiganja, akaendelea kucheka.