Adhana Niliyodai Naijua

Naandika haya huku uso bado unaniwaka. Likizo hii Fundi Athumani alinichukua kwa majaribio kwenye hoteli moja ya Watamu: nikifanya vizuri nabaki, nikiharibu narudi nyumbani. Jana asubuhi tulikata bomba la plastiki la maji baridi ya kupozea ukumbi, tukaunga kipande kipya kwa gundi.

"Gundi haitaki haraka, mwanangu," akaniambia. "Usiguse koki mpaka adhana ya alasiri. Waijua?"

"Naijua, mzee."

Uongo mtupu. Sisi tumehamia huku mwezi uliopita kutoka Machakos, na masikioni mwangu adhana zote ni moja. Niliona aibu kuuliza.

Akaenda zake. Nikalilinda lile bomba kama yai; hata mpishi aliyetaka kuliegemea nilimzuia kwa mkono. Adhana ilipolia nikafurahi: kumbe gundi yenyewe haikawii! Nikafungua koki yote.

Kiungo kikachomoka. Maji ya baridi kali yakaruka hadi kwenye meza zilizoandaliwa kwa harusi. Nikalikumbatia bomba, meno yakigongana.

Fundi akaja mbio, mikono bado ina maji ya udhu.

"Nani kafungua?"

"Mimi, mzee. Adhana imelia."

Akanitazama nilivyolowa, akafunga koki taratibu.

"Hiyo ni ya adhuhuri, mwanangu. Ya alasiri utaisikia ukiwa kwenu."