Sanamu Inayojaribiwa kwa Upepo

Ilikuwa mwaka wa tisini na sita. Hapana, tisini na saba, upepo ulipong'oa paa la kanisa hapa mjini kwetu Plaza Huincul. Fundi wetu wa sanamu za dinosaria, wale wala majani wenye shingo ndefu, kila aliyoimaliza aliisimamisha kwanza juu ya ukuta wa nje, upepo uijaribu. Ikianguka, haiuzwi. Siku hiyo ikaanguka ya bibi Ercilia, mkusanyaji wa sanamu aliyesafiri kutwa kuifuata.

“Haijavunjika, fundi! Nipe hivyo hivyo.”

“Dinosaria mwenyewe alisimama kwenye upepo huu huu, mama. Nikuuzie huyu anayeanguka kama mlevi?”

Fundi akaipondaponda, kidevu chake juu, akaanza kukanda plasta upya. Bibi akavua koti, akangoja siku tatu. Swali moja tu la fundi, kila alipounda shingo, ndilo wataalamu wa mifupa ya dinosaria hawakumjibu kamwe: upepo ukivuma, mnyama yule aliinua shingo au aliinamisha?