Jiwe Lisilo na Tundu la Sinki

Wiki iliyopita mafundi walikuja kuniwekea kaunta mpya ya jikoni hapa Wembley. Walipowasha msumeno wao uani na kulimwagia jiwe maji, harufu ikapanda hadi dirishani kwangu: harufu ya vumbi la mawe lililoloa, ya baridi, inayokaa kooni. Niliacha chai yangu ipoe. Hiyo ndiyo harufu ya baba yangu. Alirudi nayo kila jioni kutoka karakana ya kukatia kaunta, kichwa cheupe utadhani ana miaka themanini, na Mama akimfokea avue viatu mlangoni. Lakini mimi nikiinusa siikumbuki karakana. Nakumbuka Carrara, mji wa Italia wenye machimbo ya marumaru, nilikokwenda nikiwa na miaka tisa kumpeleleza baba yangu mzazi.

Mnisamehe, mimi ni mdaku tangu utotoni. Na mtoto aliyezaliwa London ana nafasi nzuri sana ya kudaka maneno. Wazazi wangu walinisemesha Kiswahili, mimi nikawajibu Kiingereza, mpaka wakasahau kwamba kutojibu si kutosikia. Walikuwa wakimwaga siri zao mbele yangu kama mbele ya paka. Mambo mazito kweli ndiyo waliyahamishia Kichagga, na wakishahamia huko mimi nilijua pana jambo.

Mwaka ule Mama alikuwa mjamzito, tumbo limeshaanza kuonekana. Mimba mbili zilikuwa zimetoka kabla ya hiyo. Daktari alimwambia apumzike, asibebe vizito, asishtushwe, na safari ndefu ya ndege asiiwaze kabisa. Nyumba nzima tukawa tunatembea kwa kunyata. Hata mlango wa friji Baba aliufunga kwa mikono miwili.

Sasa jioni moja simu ya Baba iliita naye yuko bafuni, nikapokea. Alikuwa Mama Leah, rafiki wa familia aliyekaa Hounslow na kufanya usafi uwanja wa ndege. Mama Leah wa siku zote angeuliza shule, angeuliza nimekula nini, angenitania kuhusu pengo langu la mbele. Siku hiyo alisema, "Mpe baba yako." Basi. Hakuna hujambo, hakuna nini. Mtanzania asiyesalimia ana lake jambo, nakuambieni. Baba akatoka na taulo kiunoni, akaichukua simu, akaenda kuongelea ngazini.

Kesho yake simu ya Mama "iliharibika", Baba akaipeleka kwa fundi, na fundi huyo hakumaliza kuitengeneza. Jumapili ikapita bila Bibi, mama yake Mama, kutupigia kutoka Moshi baada ya ibada kama alivyozoea. Halafu Baba akaanza kuosha vyombo. Baba yangu! Mtu ambaye akimaliza kula alikuwa akiisukuma sahani sentimita mbili mbele na kuona amesaidia. Mama alimtazama kutoka kwenye kochi.

Rafiki yangu mmoja shuleni baba yake alikuwa ameondoka hivyo hivyo, alinieleza hatua kwa hatua: kwanza simu za ngazini, kisha wema usio na sababu, kisha mabegi. Usiku nilihesabu kwa vidole: mbili tayari, bado mabegi. Niliona kabisa Baba anahamia Hounslow, na Mama anabaki na tumbo lake, na mimi ndiye wa kubeba vizito.

Mabegi yalitoka kweli, ila yakawa ya wote. Baba alitangaza kwamba bosi anamtuma Carrara kuchagua mawe, na kwamba twende pamoja, tukatembee. Ndege ya muda mfupi tu, daktari amekubali. Tukatembee! Huyu ni mtu aliyetuona wabadhirifu tukipanda treni wakati basi lipo. Nilimgeukia Mama nikitegemea atauliza maswali. Yeye alikunja kanga yake taratibu, akasema, "Sawa, baba Anna. Twende."

Carrara yenyewe ilinitia wasiwasi tangu mbali. Milima ilikuwa myeupe na jua linawaka, nikadhani ni theluji, kumbe ni mawe yaliyochongwa na vifusi vyake. Malori yalishuka na vipande vikubwa kuliko chumba changu, yakiacha michirizi ya maji meupe barabarani. Kila kitu ni marumaru: ukingo wa barabara, benchi la kituo cha basi, kizingiti cha duka la viatu. Kanisa lao kuu limejengwa kwa mistari, kijivu na nyeupe, na ndani mna ubaridi wa pango. Mama alikaa humo muda mrefu, macho amefumba. Baba alisimama nyuma yake akihamisha uzito mguu hadi mguu, kila mara anamchungulia usoni.

Walitulisha mafuta ya nguruwe, meupe, yamekatwa membamba, yaliyokaa miezi ndani ya masanduku ya marumaru pamoja na chumvi na majani ya viungo. Mama, Mchagga wa watu, alisema hawa Waitaliano ni ndugu zetu waliopotea. Kisha nje ya mgahawa akaokota kipande cha jiwe, akakinusa, akakilamba. Nilitaka ardhi ipasuke. Kule London alikuwa akila udongo wa kununua duka la Waafrika, kama wajawazito wengi wa kwetu, lakini huo aliula chumbani, mlango umefungwa. "Hakina ladha," akasema, akakitia mkobani hata hivyo. Baba alicheka kupita kiasi. Kicheko kile nacho nikakiandika kichwani kwenye orodha ya mashtaka.

Siku ya pili tulikwenda kwenye karakana ya mzee mmoja Mwitaliano, chini ya mlima. Baba alimkalisha Mama kwenye benchi nje, akatununulia soda, akaniagiza nisibanduke hapo. Alipoingia tu, nikabanduka.

Nilijificha nyuma ya mawe yaliyosimamishwa wima kama vitabu. Msumeno ulikuwa unalia, maji yanatiririka miguuni mwangu, na harufu ile ile ya Baba imejaa kila mahali. Yeye na yule mzee walikuwa mbele ya bamba jeupe pe, lisilo na hata mshipa. Baba alinyoosha mikono kuonyesha urefu, kisha upana. Mimi ni binti wa fundi kaunta, jamani. Nilikwisha kumwona akipima mamia ya majiko, na kitu cha kwanza anachokionyesha siku zote ni tundu la sinki, kisha la jiko la gesi. Hapa hakuonyesha tundu lolote. Urefu tu, na upana mdogo mdogo. Jiko gani hilo lisilo na sinki?

Nilikimbia nje nikamwambia Mama yote kwa pumzi moja, kwa Kiingereza: simu ya Mama Leah, ngazini, vyombo, na sasa Baba anamnunulia Mama Leah jiwe, na hata si la jikoni.

Mama aliniangalia. Midomo ikamcheza, nusu kicheko. Aliniwekea kiganja kichwani, akasema, "Mwanangu, wewe polisi watakuajiri." Akashika kiuno, akainuka, akaingia ndani. Nikamfuata, najua sasa kunaumana.

Baba alipomwona alijipanga mbele ya bamba lile kama mtu anayeficha sufuria iliyoungua. Mama alimpita. Alipitisha kiganja juu ya jiwe, mwanzo hadi mwisho, polepole.

"Jeupe hivi, vumbi jekundu la kule kihambani, migombani, litalimaliza kiangazi kimoja," alisema. "Chukua lile la kijivu. Mama yangu hakupenda kitu cha kusugua kila siku."

Msumeno ulizimwa.

"Pole, baba Anna," Mama akamwambia. "Umeubeba mzigo huu peke yako."

Baba akakaa juu ya kipande cha jiwe, akalia, mabega yanaruka. Yule mzee alivua kofia, akaleta maji. Mama hakulia. Alimpapasa Baba mgongo huku mkono mwingine uko tumboni, na mimi nikahitimisha kwamba mshtakiwa amekiri, na kwamba jiko ni la Bibi. Hakuna aliyenisahihisha. Hata mimi walikuwa wananificha.

Nilipokuwa mtu mzima nilimuuliza Mama alijuaje kwamba Bibi amefariki. Akacheka. "Tangu lini baba yako akanipeleka Italia kutembea? Nilijua siku alipoosha vyombo." Kwetu mjamzito hapelekewi habari ya msiba, na yeye mwenyewe alishawahi kuwaficha wengine, mbinu zote anazijua. Basi kwa nini hakusema? "Ningesema najua, ningetakiwa kulia. Na mtoto je?" Nilikuwa nimetumia safari nzima kumshuku baba yangu kwamba anatuacha, kumbe sijawahi kuona mtu aliyebaki kama yule. Walikuwa wakifichana kitu kimoja, kila mmoja akimhurumia mwenzake, na jiwe la kijivu likaenda Moshi ndani ya kontena bila mtu kutaja neno kaburi.

Mdogo wangu wa kiume alizaliwa majira ya baridi. Mama Leah alinipeleka hospitali, na safari hii alinisalimia mpaka nikachoka. Tulimkuta Mama amempakata mtoto. Alimtazama kidole kwa kidole, akambusu, akamkabidhi Baba. Halafu akajifunika shuka usoni, akapiga yowe ambalo sijalisikia tena maishani. "Mama yangu weee! Mama yangu!"

Wakunga walikuja mbio. Walimchukua mtoto, wakamgeuza, wakamsikiliza moyo. Mtoto mzima kabisa, anapiga miayo. Baba akawaambia kwamba mtoto hana neno, wamwache tu mkewe, amefiwa na mama yake.

Mkunga mmoja alimshika Baba mkono, akamuuliza kwa upole, mkewe amefiwa lini.

Baba alimtazama Mama chini ya shuka, kisha akamtazama mtoto.

"Leo," akasema.