Soksi za Mshika Kiuno

Yeter alikuwa na ruhusa ya kusema na kuku. Aliruhusiwa pia kusema na ng'ombe, na watoto wadogo, na wifi yake Zohre kwa kunong'ona, na mumewe wakiwa peke yao chumbani. Lakini mbele ya mavyaa na bavyaa, wazazi wa mumewe, ulimi wake ulikuwa umefungwa tangu siku aliyoshushwa kwenye farasi wa harusi, na sasa ulikuwa mwaka wa pili. Ndivyo walivyoishi wakamwana wote wa milima ile ya Sivas. Unafika, unafunika mdomo kwa ncha ya ushungi, unanyamaza mpaka mavyaa mwenyewe akufungue kwa zawadi, kitambaa au bangili. Wengine hufunguliwa baada ya wiki, wengine wakishazaa. Fadime, mavyaa wake Yeter, aliwahi kunyamazishwa miaka saba, na hakuona sababu ya mtoto wa watu kupewa nafuu ambayo yeye hakuipata.

"Bubu," ndivyo alivyomwita. "We bubu, maji. We bubu, kuni."

Na Yeter alijibu kwa nyusi. Kuinua nyusi ni hapana, kuinamisha kichwa ni ndiyo, na mkamwana mwenye adabu nyusi zake hazina kazi.

Majira hayo ya baridi kazi kubwa nyumbani mle ilikuwa soksi. Zohre aliposwa kijiji cha ng'ambo ya mto, na mwari wa kule haendi kwa mumewe bila jozi ishirini na nne za soksi za sufu, moja kwa kila jamaa wa mume, kuanzia baba mkwe mpaka yule mjomba ambaye hakuna anayempenda. Desturi inataka bibi harusi azifume kwa mkono wake mwenyewe. Sasa, Zohre alikuwa msichana mzuri, mcheshi, mwimbaji, lakini mbele ya sindano vidole vyake vilikuwa kama vya miguuni. Akifuma soksi, inatoka mfuko. Kwa hiyo Fadime alifunga mlango, akamkalisha Yeter karibu na jiko na sindano tano za chuma, akamwambia, "Hizi kafuma Zohre. Umeelewa?"

Yeter akainamisha kichwa.

Alifuma vizuri, tena upesi, kuanzia ncha ya kidole kwenda kisigino mpaka juu ya ugoko, nyekundu kwa nyeupe kwa nyeusi. Shida ilikuwa harufu. Kwao uzi hupitishwa nyuma ya shingo ili ukazike, na sufu ile ilikuwa bado na jasho la kondoo. Mwezi mmoja baada ya mumewe Dursun kushuka Adana kutafuta kibarua, Yeter alianza kuisikia harufu hiyo kooni kabla hata ya kufungua macho. Anafuma safu mbili, anakimbilia zizini, anatapika, anarudi, anahesabu matundu upya. Alijua ni nini. Ndani ya miaka miwili hakuwahi kukipata kitu alichokitaka kiasi kile, na furaha yenyewe ilimjia pamoja na nyongo.

"Mama, huyu katapika tena," Zohre alisema siku moja, akitafuna mbegu za alizeti.

"Kala nini?"

"Hajala."

"Basi anatapika nini? Kutapika bila kula ni maringo." Fadime hakugeuka. Alikuwa anayeyusha mafuta ya mkia wa kondoo, na moshi wake ulimfuata Yeter pembeni. "Mwambie soksi ya mjomba ina mguu mmoja. Mwenyewe anayo miwili."

Usidhani kwamba mwanamke mwenye ulimi uliofungwa hakuwa na njia ya kusema. Ilikuwepo njia, na kila mwanamke wa milima ile aliisoma kama unavyosoma saa. Kuna nakshi inaitwa Mshika Kiuno: kichwa kidogo, mikono miwili imeshika kiuno, tumbo mbele. Mwari haifumi hata kwa mzaha. Mke akishika mimba anaifuma kwenye ugoko wa soksi na kumpa mavyaa wake. Mavyaa akizivaa, basi amesikia. Kuanzia siku hiyo mitungi ya maji inabebwa na mwingine, na mkamwana hapandi tena darini kwenye nyasi za mifugo.

Yeter aliiba uzi mwekundu kidogo kidogo, kila jozi akiifupisha kwa safu moja. Baada ya siku tisa alikuwa na soksi za mavyaa. Asubuhi akazileta juu ya sinia pamoja na chai, akasimama karibu na mlango, mikono tumboni.

Fadime alizipeleka dirishani. Alizitazama kwa muda mrefu. Yeter aliona kidole gumba chake kikipita juu ya kile kichwa kidogo, kikashuka kwenye mikono, kikasimama pale tumboni. Kisha Fadime akatafuta ncha ya uzi, akaipata, akavuta. Alifumua polepole, akiuzungusha uzi kwenye kiganja, mpaka soksi zote mbili zikawa donge.

"Nakshi imekwenda kombo," alisema. "Na uzi mwekundu ni wa harusi. Usiuchezee."

Zohre aliacha kutafuna. Baadaye alimfuata Yeter zizini na pilipili mbili za achari ndani ya mkate mwembamba.

"Kula, wifi. Mama hajaona."

Yeter alikula kama mwizi. Ndicho chakula cha kwanza kilichokaa tumboni wiki ile. "Zohre, mwambie wewe," alinong'ona. "Mimi siwezi."

"Mimi mwari niseme habari za mimba? Baba atanikata ulimi! Na kwani hajui? Si umemwona?" Zohre akamfuta mdomo kwa kona ya aproni yake. Hakuwa mtu mbaya. "Vumilia niolewe tu. Akikubali sasa, maji atachota nani? Mimi? Na soksi je? Nikishatoka mlangoni, atakubali mwenyewe, atakuvisha na bangili juu."

Harusi ilikuwa wiki sita mbele. Chemchemi ilikuwa bondeni, na njia yake yote barafu. Mitungi miwili ya shaba kwenye mti begani, safari tano kwa siku. Yeter alianza kusikia uzito chini ya kitovu, kama mtu anayevuta kamba, akajua wiki sita hazitafika. Ndipo akafanya jambo ambalo mwenye akili timamu asingelifanya. Jozi ya kumi na nne, soksi za shangazi wa bwana harusi, aliifuma Mshika Kiuno. Fadime alikuwa na mazoea ya kukagua kila jozi, kuingiza mkono ndani na kuigeuza kwenye mwanga, na Yeter alifikiri hili hatalipita kimya. Atapiga kelele. Atatukana. Na akitukana, basi atakuwa amesema, na jambo likishasemwa haliwezi kufumuliwa.

Siku hiyo siagi ilikuwa motoni na mshenga mlangoni. Fadime akaichukua ile jozi, akaitupa sandukuni pamoja na nyingine bila hata kuitazama, akafunga, akatia ufunguo kiunoni.

Siku nne baadaye, katika safari ya tatu ya maji, Yeter aliona damu kwenye theluji na hakuelewa mara moja kwamba ni yake. Aliifikisha mitungi. Hilo ndilo linalonikera mimi nikilisimulia, kwamba aliifikisha na hakumwaga tone. Yakamkuta zizini, peke yake, mchana kweupe, kuku wanachakura. Alipomaliza alikifukia mwenyewe kile kilichotoka, nyuma ya zizi, akaweka jiwe juu mbwa asije akafukua.

Fadime alikuja akasimama mlangoni, akaona damu kwenye majani na nguo. Uso wake ukabadilika kidogo, kisha ukarudi.

"Mbona hukusema?" alisema.

Yeter alimtazama. Hakuinua nyusi wala hakuinamisha kichwa.

Majirani waliambiwa mkamwana kapata baridi ya figo. Siku ya tatu sindano zilirudi mikononi mwake, na harufu ya sufu haikumsumbua tena hata kidogo, na hilo lilimliza kuliko maumivu.

Ikafika wiki ya harusi. Jumanne sanduku lilifunguliwa, na Yeter akaamriwa akunje vitu vizuri, maana kesho yake wanawake wa upande wa bwana harusi wangekuja kuona vyombo vya bibi harusi. Mkono wake ukaifikia jozi ya kumi na nne. Alikuwa peke yake, na dakika tano zingetosha kufumua ule ugoko na kuufuma upya. Alijua watakaozisoma ni nani, na alijua kitakachosomwa si jina lake. Alikumbuka achari na ile kona ya aproni. Kisha akakumbuka kidole gumba cha mavyaa juu ya tumbo la uzi. Akazikunja, nakshi ndani, akazirudisha katikati ya nyingine. Simtetei. Nasema alivyofanya.

Jumatano chumba kilijaa wanawake. Seher, mama wa bwana harusi, mnene, jino la dhahabu, aliketi kwenye mto mkubwa akitazama kama anayenunua ng'ombe.

"Mkono wa binti mwenyewe?" aliuliza.

"Kila tundu." Fadime akachukua mkate, akaubusu, akaugusisha kwenye paji la uso. "Mkate huu unipofue kama kuna mkono mwingine."

Wakatandaza mashuka, vitambaa, kisha soksi moja moja kwenye kamba kutoka ukuta hadi ukuta. Wanawake walisifu. Ilipotundikwa jozi ya kumi na nne, sifa zikakatika kuanzia mbele kwenda nyuma, kama mtu anayezima taa.

Seher akainuka. Akaishika ile soksi, akaileta mbele ya Zohre.

"Mwezi wa ngapi?"

Zohre hakuelewa. Alitazama nakshi, akaelewa, rangi ikamtoka. "Si yangu! Mama, waambie! Mimi sijui hata kufuma!"

"Mpeni sindano," alisema Seher. Wakampa. Sindano zikamponyoka, uzi ukaanguka. Seher akacheka bila furaha. "Hata mimi leo ningesahau kushika sindano."

"Kafuma mkamwana!" Fadime alipiga kelele. "Wallahi zote kafuma huyu! Alikuwa na mimba huyu, si mwanangu!"

"Alikuwa? Iko wapi?"

"Ilitoka."

"Lini? Nani kaiona?" Seher akawageukia majirani. "Nyie mnaishi ukuta kwa ukuta. Mmesikia mimba imetoka humu?"

Majirani walitazamana. Walikuwa wamesikia figo. Njia ya mwongo ni fupi, na ya Fadime iliishia pale pale kwenye zulia lake mwenyewe.

"Umeapa kwa mkate sasa hivi," alisema Seher. "Kiapo kipi nikiamini, cha kwanza au cha pili? Mkamwana na aseme mwenyewe. Akisema ni yeye, nitaridhika, nitambeba binti yako hata kama hajui kufuma."

Fadime alivua bangili ya dhahabu, ile aliyopewa na mavyaa wake baada ya miaka saba. Ilikwama kwenye kifundo, akaivuta mpaka ngozi ikachubuka. Akapiga magoti mbele ya Yeter, akaisukumiza kwenye mkono wake.

"Nimekufungua ulimi. Mbele ya watu wote hawa nimekufungua. Sema, mwanangu. Sema, Yeter."

Hakuwahi kumwita kwa jina. Zohre, nyuma yake, alikuwa ameshika kamba ya soksi kwa mikono miwili, anatikisa kichwa taratibu, machozi mpaka kidevuni. "Wifi," alisema. "Wifi, jamani."

Yeter alimtazama. Kilichompita kifuani nadhani kilikuwa huruma, tena nyingi. Lakini alivuta ncha ya ushungi mdomoni, akainamisha macho, akasimama pembeni ya mlango mikono tumboni, kama alivyofundishwa.

Wanawake wa ng'ambo ya mto waliondoka kabla chai haijamiminwa. Walimwachia Zohre kila kitu, hata pete yao waliikumbuka tu walipofika uani, wakamtuma mtu kuirudia. Mtego wa panya hunasa waliokuwamo na wasiokuwamo. Alipotoka mtu wa mwisho, Zohre alikuwa amelala kifudifudi juu ya mashuka ya harusi yake, na kutoka nje ilisikika sauti ya baba yake akiuliza kulikoni.

Fadime alikuwa bado chini, kwenye magoti yake.

"Mbona hukusema?" alisema. "Mtoto wangu ana kosa gani? Mbona hukusema?"

Yeter akashusha ushungi kutoka mdomoni. Sauti ilitoka yenye kutu, hata yeye mwenyewe aliishangaa.

"Nilisema, mama," alijibu. "Mara mbili."

Kisha akaiweka bangili juu ya sinia ya chai, akaenda kuwapa kuku maji.