Mwanasesere wa Sita

Kila ninapofungua kopo la vanishi, namkumbuka mjomba aliporudi kutoka masomoni Urusi. Vita vya nchini kwetu vilikuwa vimekwisha, nasi tulikaa mtaa wa Bwaise kwa bibi, mama yake. Mjomba alimletea bibi mwanasesere wa mbao, mwanamke mnene mwenye mashavu mekundu, anayefunguka kiunoni. Ndani yake mlikuwa na mwingine, na mwingine, hadi wa tano, mdogo kama punje ya njugu. Wote walinukia vanishi.

Bibi hakucheka. "Mwanangu, hii ina macho. Na mimi naswali hapa hapa."

"Mama, ni kitu ya watoto tu."

Nyumba ilikuwa ya chumba kimoja. Mjomba akaanza kuwarudisha mmoja ndani ya mwenzake, polepole, kama mtu anayefunga mizigo.

Bibi akamnyang'anya yule mkubwa. Akapapasa kile kiungo cha kiunoni kwa kidole gumba, akaguna, akamweka kando ya ukindu wake. Kazi yake ilikuwa kusuka makawa ya kufunikia chakula, lakini wiki ile hakusuka kawa hata moja. Alisuka kikapu chembamba juu, kipana chini, chekundu na cheusi, na kifuniko chake kilikaa barabara. Mwanasesere akaingia humo wima, na macho yake.

"Sasa wako sita," alimwambia mjomba. "Huyu wa nje ni wangu."

Siku hizi nachonga wanasesere wa namna hiyo, na wa nje namsuka kwa ukindu. Watu wanaokuja kwenye maonyesho huniuliza mbona hana uso. Nawaambia wafungue.